Pikseli: kwa nini picha ya bibi ina ukungu kwenye TV ya 4K

Siku ya pili ya Idi, sebuleni kwa mjomba huku Mwanga, Kigoma, tulikuwa watu kama kumi na tano, wengine kwenye makochi, wengine mkekani. TV mpya ya nchi 55 imetundikwa ukutani na boksi lake bado limeegemea nyuma ya mlango, limeandikwa 4K kwa maandishi makubwa kuliko jina la kampuni. Binamu yangu akachomeka flashi, picha za ukoo zikaanza kupita. Ikafika ile ya bibi akiwa Katonga, kando ya vichanja vya dagaa. Kwenye simu picha ile inang'aa, nusu ya ukoo waliwahi kuiweka profaili. Ukutani ikaonekana kama imepigwa kupitia chandarua. Rangi za kitenge zimevujiana, dagaa wamegeuka uji wa kijivu.

Mjomba akamtupia lawama muuza TV. Kesho yake akaita fundi. Fundi aliitazama picha kidogo, akapitisha nyingine mbili tatu kwa rimoti, akasema: "Mzee, TV ni fo-kei. Picha ndiyo siyo fo-kei." Akanywa chai yake, akaondoka. Mjomba hakuridhika, na mimi sikumlaumu, maana fundi alisema kweli lakini hakuieleza.

Kila skrini, ya simu au ya ukutani, ni uwanja wa vitone vilivyopangwa safu kwa safu. Kitone kimoja ndicho pikseli. Ndani ya kila pikseli kwa kawaida mna vitaa vitatu vidogo, chekundu, cha kijani na cha bluu, na kwa kuvikoleza au kuvififisha kitone kinapata rangi yake. Pikseli moja ina rangi moja tu kwa wakati mmoja. Haiwezi kuwa nusu jicho, nusu kope.

Aliyewahi kupita Katonga au Kibirizi wakati wa kuanika anaielewa habari hii bila kuambiwa. Ukiwa juu barabarani unaona shuka moja la fedha limetandazwa juani. Ukishuka mpaka kwenye kichanja, shuka halipo, kuna dagaa mmoja mmoja, na unaweza kuwahesabu. Picha ya kidijitali ni hilo shuka. Wingi wa dagaa kwenye kichanja ndio unaoamua utaisogelea mpaka wapi kabla shuka halijavunjika.

Neno lenyewe ni la miaka ya 1960, lakini kitu chenyewe kilitangulia. Mwaka 1957, huko Marekani, mhandisi Russell Kirsch aliingiza picha ya mwanawe Walden, mtoto wa miezi mitatu, kwenye kompyuta ya taasisi aliyofanyia kazi. Picha ile ilikuwa na vitone 176 kwa 176, yaani 30,976 basi. Napenda kwamba safari yote hii ilianzia kwenye picha ya mtoto wa mtu, si ya roketi. Ukiiweka leo kwenye TV ya mjomba kitone kwa kitone, itakaa kwenye kona kama mraba wa sentimita tano na nusu hivi, imeizidi kidogo picha ya pasipoti.

TV ya mjomba ina vitone 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu wa kwenda juu. Zidisha: 8,294,400. Hiyo ndiyo 4K. K ni elfu, na 3,840 imekaribia elfu nne, wakaona inatosha (kwenye majumba ya sinema 4K yao ni 4,096 kwa upana, wao angalau wamevuka). Kuna ujanja mdogo wa biashara hapa. Zamani TV iliitwa kwa kimo chake: ile ya "1080" ina vitone 1,080 kutoka chini kwenda juu, na 1,920 kwa upana. Ilipokuja 4K wakahama, wakaanza kuhesabu upana. Ndiyo maana 1080 na 4K hazilingani kwa jina, ingawa ukihesabu vitone vyote 4K imeizidi ile ya 1080 mara nne kamili.

Nchi ni habari nyingine kabisa. TV ya nchi 43 ya 4K na ya nchi 55 ya 4K zina idadi ileile ya vitone. Kubwa ina vitone vinene zaidi, basi. Wingi huu wa vitone wataalamu huuita resolusheni. Kwenye baadhi ya menyu zilizotafsiriwa utakuta "azimio la skrini", kana kwamba skrini ilikaa kikao Arusha mwaka 1967. Mimi nitaendelea kusema wingi wa vitone.

Sasa turudi kwenye picha, maana picha nayo ina vitone vyake, na hivyo havitegemei TV. Vilizaliwa siku kamera ilipobofywa. Simu ya kawaida ya megapikseli 12 inatoa picha ya vitone kama 4,000 kwa 3,000, milioni kumi na mbili. Zile zinazotangazwa 50 au 108 nyingi kwa kawaida huunganisha vitone na kukupa picha ya milioni kumi na mbili hivyohivyo, mpaka uende mwenyewe kwenye mipangilio. Hata simu ya megapikseli 8, picha yake huwa na kimo cha vitone 2,448, na TV inahitaji 2,160. Kwa hiyo simu ya mama mdogo iliyopiga picha ile Katonga haikuwa na kosa lolote. Ilijaza kichanja na kupitiliza.

Dagaa walipotea njiani. Mama mdogo aliirusha picha kwenye grupu la ukoo, na WhatsApp, ili kuokoa bando, kwa kawaida huipunguza picha ikabaki na vitone kama 1,600 kwa 1,200. Hiyo ni chini ya milioni mbili. Kwenye simu hutagundua kitu, kioo cha simu ni kidogo na vitone hivyo vinakitosha. Ukutani, ili picha ijae kutoka juu hadi chini, TV inatakiwa iwashe vitone 2,880 kwa 2,160, zaidi ya milioni sita. Inavyovijua kwa hakika ni chini ya theluthi. Vingine inavikisia: inatazama kitone cha kushoto ni cheusi, cha kulia ni cheupe, inaweka kijivu katikati. Kwenye ukuta wa nyumba au anga la ziwa makisio hayo hayamdhuru mtu. Kwenye dagaa elfu moja waliolala ovyo, kijivu kinajaa kila mahali. Ule ndio uji tuliouona.

Tena aliyeipeleka kwenye flashi, nadhani ni mimi, hakuitoa kwenye grupu. Aliipiga skrinishoti kutoka kwenye stetasi ya mtu. Simu yangu ina upana wa vitone 720. Fanya hesabu mwenyewe, mimi naona aibu.

Watu huuliza kama hakuna programu ya kurudisha vitone. Zipo zinazokisia kwa ufundi mkubwa kuliko TV, nyingine zinachora hadi kope. Lakini kope zile si za bibi, ni za wastani wa nyuso nyingi ambazo programu ilifundishwa nazo. Kwa tangazo la duka sawa. Kwa picha ya ukoo mimi naukubali ukungu kuliko kope za kuazima.

Swali la maana zaidi ni kama 4K ina kazi yoyote sebuleni. Muuza duka atasema ndiyo, mtu mbishi atasema macho hayaoni tofauti, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Jicho zima, likiwa mita tatu na nusu hivi kutoka ukutani, linaanza kushindwa kutenganisha vitu vilivyoachana milimita moja. Kwenye nchi 55, kitone cha 1080 ni milimita 0.63 na cha 4K ni 0.32. Ukipiga mahesabu, kuanzia mita mbili na kidogo hivi kwenda nyuma, macho yako hayana namna ya kuijua 4K ni ipi. Kochi la mjomba liko mita tatu. Kwa mpira wa Simba na Yanga, basi, alilipia vitone ambavyo haoni.

Picha ya ukoo lakini haitazamwi kama mpira. Haipiti dakika mbili mtu hajanyanyuka. "Huyu wa nyuma ni nani?" Anasogea, anaweka kidole kwenye kioo (mjomba anapiga kelele), watoto nao wanamfuata, mpaka kuna vichwa vitano nusu mita kutoka ukutani. Hapo 1080 inavunjika, unaona ngazi ngazi kwenye ukingo wa uso. Vitone vya 4K vinavumilia mpaka mita moja hivi. Kama TV unainunulia picha, 4K ina maana. Kama ni ya taarifa ya habari na mechi, na makochi yako mbali, pesa ya ziada inunulie stabilaiza.

Picha na TV pia hazina umbo moja, na hili hakuna wingi wa vitone unaolitibu. Simu hupiga picha yenye uwiano wa nne kwa tatu, TV ni kumi na sita kwa tisa. Ukiacha picha ikae nzima, pembeni patabaki vibaraza viwili vyeusi. Ukibonyeza ijaze skrini, itakatwa robo ya kimo chake, na kwenye picha ya pamoja robo hiyo ni vichwa vya wajomba waliosimama nyuma na miguu ya watoto waliokaa mbele. Vibaraza vyeusi si ugonjwa, viacheni. Picha iliyopigwa simu ikiwa wima ndiyo inayosikitisha zaidi: inapata vitone 1,620 vya upana kati ya 3,840, zaidi ya nusu ya ukuta inabaki giza. Harusini, jamani, lazeni simu.

Picha za karatasi zina shida ya kinyume, vitone vyake unavichagua wewe. Babu yangu alikuwa reli, na kuna picha yake ya posta kadi mbele ya stesheni ya Kigoma. Steshenari walikwishaiskani kwa 300, maana yake vitone 300 kwa kila nchi moja, na posta kadi ni nchi nne kwa sita, kwa hiyo 1,200 kwa 1,800. Haijazi ukuta. Nikarudi kuomba waweke 600, ikatoka 2,400 kwa 3,600. Muda wa kuiskani uliongezeka kidogo, bei haikubadilika. Hakuna aliyeniambia mara ya kwanza kwa sababu sikuuliza. Kuipiga picha kwa simu ikiwa ndani ya albamu ya nailoni ni kujisumbua, utapata mwanga wa dirisha juu ya paji la uso la babu.

Mengine ni madogo. Baadhi ya TV za 4K zina programu ya picha ambayo huzifungua kwa kiwango cha 1080 kisha kuzitanua, kwa hiyo kabla ya kulaumu picha jaribu kuweka picha ya ukurasa wa gazeti uone kama herufi ndogo zinasomeka ukisogea. Picha za iPhone ambazo jina la faili linaishia na herufi HEIC, TV nyingi hazizifungui, zigeuze ziwe JPEG, aina ya faili ya picha iliyozoeleka. Hali ya rangi iliyowekwa dukani ni ya kuvutia wapita njia na inafanya ngozi zetu ziwe za chungwa. Chagua ya sinema. Jua la Kigoma linazama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo, na dirisha lililoelekea ziwa saa kumi na moja jioni litafuta picha yoyote, iwe na vitone vingapi. Halafu LUKU: TV inayokula wati 100, ukiiacha ipitishe picha saa kumi kwa siku, imekula uniti moja. Thelathini kwa mwezi. Mjomba aliposikia hivyo akaamua picha ni za wageni tu.

Picha halisi ya bibi haikuwa imefutwa. Mama mdogo yuko Kasulu, na simu ile ya zamani, kioo kimepasuka, bado anaitumia kwa miamala. Tukamwomba aitume tena, safari hii kama dokumenti, ambayo WhatsApp haiipunguzi. Megabaiti nne na nusu. Tukaiweka kwenye flashi usiku huohuo.

Dagaa wamerudi kwenye kichanja, kila mmoja na jicho lake. Bibi alikaa akiitazama kutoka kwenye kochi, kisha akajikongoja mpaka ukutani, akainamia uso wake mwenyewe kwa muda.

"Kumbe siku ile nilirudi na hereni moja," akasema. "Na mimi nikamgombeza yule binti wa kazi."