Maziwa hayaondoi sumu ya dawa ya kunguni

Nafanya kazi chumba cha dharura hapa Mombasa. Kunguni wakichachamaa mitaani, haupiti muda mrefu kabla ya kuletewa mtu aliyemeza dawa ya wadudu au kumwagikiwa nayo, na mara nyingi mdomoni ana maziwa. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na jamaa zao pale kwenye benchi.

Daktari amesema sumu "imeshika kimeng'enya cha neva". Ni kitu gani hicho, na hutengenezwa wapi?

Neva hupelekeana habari kwa kemikali. Ncha ya neva humwaga kemikali kwenye mwanya mwembamba uitwao sinapsi, na upande wa pili huipokea. Mojawapo ni asetilikolini, ndiyo inayoamrisha msuli ukaze. Ikishafikisha habari lazima ivunjwe papo hapo, la sivyo msuli haupati kupumzika. Kinachoivunja ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini, kiitwacho asetilikolinesterasi, na chembe moja tu ya kimeng'enya hicho huvunja maelfu ya chembe za asetilikolini kwa sekunde.

Seli ya neva hukitengeneza kwenye mwili wake, penye kiini. Viwanda vidogo vya seli viitwavyo ribosomu huunganisha protini hiyo, sehemu iitwayo Golji huifungasha, kisha husafirishwa ndani ya mkia mrefu wa seli hadi nchani. Neva inayochezesha vidole vya mguu ina mwili wake ndani ya uti wa mgongo, na mkia wake waweza kukaribia mita moja. Mizigo iendayo kasi hutembea kama sentimita 40 kwa siku, kwa hivyo safari hiyo ni siku mbili na zaidi. Misuli nayo hujitengenezea kimeng'enya hiki pale inapokutana na neva.

Dawa ya kunguni inaingiaje hapo?

Dawa za jamii ya oganofosfati na kabamati humuua mdudu kwa kukishika kimeng'enya hichohicho. Binadamu anacho pia. Kikishikwa, asetilikolini hurundikana: mate, jasho na machozi humtiririka mtu, hutapika, huhara, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka kisha hulegea. Mapafu hujaa majimaji. Kinachoua hasa ni kushindwa kupumua.

Mtoto mmoja wa miaka minne aliletwa kwa tuktuk. Mboni zake zilikuwa kama tundu la sindano, na shati lilikuwa bado limelowa dawa, likinuka kama kitunguu saumu. Alikuwa amekunywa kutoka chupa ya soda iliyowekwa chini ya kitanda. Bibi yake alishuka na kikombe mkononi. Kilikuwa cha tatu. Zaidi ya saa nzima walikaa nyumbani wakimnywesha maziwa na kungoja "yafanye kazi".

Lakini maziwa si hupunguza makali ya sumu?

Hapana. Maziwa hayakiachilii kimeng'enya kilichoshikwa. Yanachofanya ni kujaza tumbo la mtu anayetapika na asiyeweza kumeza vizuri, kisha yanaingia mapafuni.

Hata kidogo, tukingoja gari?

Hapana. Hata kijiko kimoja.

Na madafu, yai bichi, mafuta ya nazi, maji ya makaa?

Hapana, hapana, hapana na hapana. Nawaheshimu wazee wetu waliotufundisha hayo kwa mapenzi, lakini dakika za kutafuta dafu ndizo dakika za kufika hospitali. Wala msimtapishe kwa kidole au maji ya chumvi.

Basi tufanye nini?

Mtoeni penye dawa. Mvueni nguo zote, maana sumu hii hupenya ngozi, na mwosheni kwa maji mengi na sabuni hadi kwenye nywele. Anayemwosha avae glovu, au ajifunge mifuko ya plastiki mikononi. Kama gari limeshafika na hamjamaliza, ondokeni, tutamalizia sisi. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto ili matapishi yatoke nje. Chukueni chupa au paketi ya dawa, na kama haina lebo tuambieni mliinunua kwa nani. Dawa ya kupimiwa kwenye kichupa kisicho na jina hutupotezea muda, na wanaoiuza hivyo wanajua wanachofanya.

Hospitalini tuna oksijeni, mashine ya kupumulia na atropini, ambayo huzuia asetilikolini isiendelee kuziba pumzi kwa majimaji. Ipo pia pralidoksimu, inayoweza kukiachisha kimeng'enya kilichoshikwa na oganofosfati, lakini sumu ikikaa muda hushikamana nacho moja kwa moja, na hapo haisaidii tena. Muda wenu wa maziwa huliwa kutoka humo.

Ameamka, anaongea, anataka chai. Twende naye nyumbani?

Hapana. Kati ya siku ya kwanza na ya nne, wengine hulegea shingo na misuli ya kupumua baada ya kuonekana wamepona. Mwangalieni kama anaweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, mwiteni muuguzi mara hiyo. Yule mtoto wa shati lililolowa alilegea siku ya pili, akakaa siku tano kwenye mashine. Alipona kwa sababu alikuwa kitandani kwetu.

Alikunywa kwa makusudi. Tunaogopa polisi.

Mleteni. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Msimfungie chumbani mkimnywesha maziwa kwa kuona aibu ya majirani. Na mkifika, tuambieni kweli, kwamba alikunywa, alikunywa nini, na saa ngapi. Mkisema "ni malaria", tutaanza kutafuta malaria.