Si kila buibui hutega utando

Wengi tumekua tukiamini kwamba kila buibui hufuma utando, kisha hutulia akingoja mdudu anase. Imani hiyo ina msingi, kwani utando ndio tunaouona kwanza, kwenye pembe za dari na vichakani asubuhi yenye umande. Lakini buibui wengi sana hawategi. Huwinda.

Mtazame yule mdogo mwenye manyoya anayerukaruka ukutani mchana. Ana macho 8, mawili ya mbele makubwa. Msogezee kidole polepole, mara nyingi atageuka akutazame. Akimwona nzi humnyemelea kama paka, hubandika uzi ukutani, ndipo huruka; akikosa, uzi humzuia asianguke. Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yupo wa jamii hiyo anayependelea mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Huyo, kwa kweli, hastahili ufagio.

Wengine huwinda ardhini usiku. Shika tochi usawa wa macho yako, umulike nyasi. Vinukta vinavyometameta kijani mara nyingi ni macho yao. Kifuate kimoja taratibu, pengine utamkuta mama amebeba wanawe mgongoni.