Mdahalo rasmi shuleni: kazi kubwa iko katika kujibu

Mwanafunzi anayesimama kwenye mdahalo kwa mara ya kwanza huwa ameshika karatasi. Amekesha akiandika hotuba, ameikariri, na zamu yake ikifika huisoma tangu mwanzo hadi mwisho bila kuinua macho. Hotuba yenyewe yaweza kuwa nzuri sana. Lakini aliyemtangulia alitoa hoja tatu nzito, naye hakugusa hata moja. Hapo mdahalo haujafanyika. Zimesomwa insha mbili.

Kwa hiyo sisi tunaofundisha midahalo hatuanzi na ufasaha wala namna ya kusimama. Tunaanza na kusikiliza, kwa sababu asiyesikiliza hana cha kujibu.

Kila mdahalo rasmi una mada, yaani sentensi moja ambayo upande mmoja unaitetea na mwingine unaipinga. Mada zilizozoeleka za aina ya "Mkulima ni bora kuliko daktari" huchangamsha darasa, ila haziwapi wanafunzi uamuzi wowote wa kupima. Mada nzuri hupendekeza jambo litendeke: "Mitihani ya mwisho wa mwaka ifutwe katika shule za msingi." Hapa kuna kufuta au kuacha, kuna watakaonufaika na watakaoumia, na mtu mwenye busara anaweza kusimama upande wowote.

Nani atetee na nani apinge? Mara nyingi huamuliwa kwa kura au kwa kurusha sarafu. Wapo wazazi wanaoliona jambo hili kama kumfundisha mtoto unafiki: atasemaje asichokiamini? Wasiwasi huo ni wa haki na unastahili jibu. Kila aliye ukumbini anajua kwamba pande zimegawiwa, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Na mtoto aliyewahi kutafuta hoja bora za upande asioupenda hujua msimamo wake mwenyewe ni dhaifu wapi. Hujifunza pia kwamba anayempinga si lazima awe mjinga au mbaya.

Mifumo ni mingi. Katika Mashindano ya Dunia ya Midahalo kwa Shule, yaliyoanza Australia mwaka 1988, zinakutana timu mbili, na kila timu husimamisha wazungumzaji watatu. Mtetezi wa kwanza hufungua, mpinzani wa kwanza hufuata, na hivyo hivyo kwa kupokezana, kila mmoja kwa dakika 8. Mwishoni kila timu hutoa hotuba ya majumuisho ya dakika 4, na upande wa kupinga ndio hutangulia, ili watetezi waliofungua ndio wafunge. Vyuo vikuu vingi hutumia mfumo wa kibunge wenye timu nne za watu wawili wawili. Kwa darasa linaloanza, watatu kwa watatu panatosha, na dakika zipunguzwe hadi 3 au 4. Mtoto asiye na uzoefu akipewa dakika 8 atarudia maneno yaleyale.

Mtetezi wa kwanza ana mzigo wa kuifafanua mada. Mitihani ipi inafutwa? Badala yake kutakuwa na nini: majaribio ya kila mwezi, au tathmini ya mwalimu? Ufafanuzi uwe ule ambao msikilizaji wa kawaida angeutarajia. Timu nyingine huibana mada hadi mpinzani akose pa kusimama, zikidhani zimeshinda kabla ya kuanza. Majaji huliona hilo na halizisaidii. Wazungumzaji wa pili huendeleza hoja huku wakijibu. Wa tatu kazi yao karibu yote ni kujibu, na katika majumuisho haruhusiwi mtu kuleta hoja mpya, kwa kuwa upande wa pili hautapata nafasi kamili ya kuijibu.

Sasa kujibu kwenyewe. Kusema "wapinzani wetu wamepotoka" si kujibu. Anayejibu kwanza huitaja hoja ya mwenzake kwa uaminifu, kwa namna ambayo hata mwenyewe angeikubali: "Wamesema mitihani ikifutwa, mzazi hatajua mtoto wake amefika wapi." Kisha huonyesha kasoro: "Lakini mtihani mmoja wa mwisho wa mwaka humpa mzazi taarifa wakati muda wa kurekebisha umekwisha, tathmini ya kila mwezi humpa mapema." Mjibuji hodari huongeza hatua moja ambayo wanaoanza huisahau: "Na hata kama mtihani ungempa mzazi taarifa bora zaidi, bado faida hiyo ni ndogo kuliko madhara ya kufundisha mwaka mzima kwa ajili ya siku moja." Neno hilo, "hata kama", tunaliwekea mkazo sana. Linamlazimisha mwanafunzi kupima uzito wa hoja mbili ambazo zote zina ukweli ndani yake, na maamuzi mengi ya maisha yako hivyo.

Kuna pia taarifa. Wakati mmoja anazungumza, mpinzani anaweza kusimama na kuomba kutoa taarifa au swali fupi, lisilozidi sekunde 15. Mzungumzaji ana hiari ya kumkubali au kumkatalia kwa adabu. Katika mfumo wa dunia kengele hulia dakika ya 1 na ya 7, na taarifa huruhusiwa kati ya hizo mbili tu. Anayekataa zote huonekana anaogopa. Mbili kwa hotuba ni kiasi kizuri.

Majaji huwa wengi kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili pasiwe na sare. Katika mashindano hayo ya dunia, maudhui hubeba alama 40, uwasilishaji 40, na mkakati 20. Mkakati ni pamoja na kutumia muda vizuri na kutambua ni jambo gani hasa linalogombaniwa. Imani binafsi ya jaji kuhusu mada haihesabiwi. Baada ya kutangaza matokeo, jaji mmoja hueleza sababu, na maelezo hayo ndiyo somo kubwa la siku. Mwalimu asiyaruke kwa kuwa muda umekwisha.

Wanafunzi wasiozungumza nao wana kazi. Kila mmoja agawe karatasi safu mbili, aandike hoja za watetezi kushoto na za wapinzani kulia, kisha achore mstari kutoka kila hoja hadi jibu lake. Hoja itakayobaki bila mstari haikujibiwa. Mwalimu aikusanye michoro hiyo na kuitumia kuchagua zoezi la wiki inayofuata: kila mwanafunzi achukue hoja moja iliyoachwa, aijibu kwa mdomo kwa dakika moja, bila karatasi.