Mito mirefu tunayo, lakini Dar es Salaam inakunywa Ruvu

Kila Wiki ya Maji inapokaribia, tarehe 16 hadi 22 Machi, swali huwa lile lile: nchi yenye Rufiji, Ruvuma na Pangani inakosaje maji, na kwa nini mtu aombe kibali kuvuta maji ya Mungu? Ni swali la haki, ila linachanganya urefu wa mto na maji yaliyomo.

Ruvuma una kilometa 800 hivi, na sehemu kubwa ya safari yake ndiyo mpaka wetu na Msumbiji. Rufiji una kama 600 tu. Lakini bonde lake, yaani eneo lote ambalo maji yake huishia mtoni, ni takriban kilometa za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara, na Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 halikujengwa huko kwa bahati. Pangani una 500 hivi. Hayo yanawatosha watoto kwa mtihani.

Jiji hili halinywi hata mmoja kati ya hiyo. Linakunywa zaidi Ruvu, unaotoka Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo, mto usiofika hata nusu ya Ruvuma. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa, Ruvu ulishuka na mgawo ukaanza. Wapo waliodai maji yamefichwa. Yafichwe wapi? Mimi nilikuwa kingoni siku hizo. Rula ya kupimia kina ilikuwa imesimama kwenye tope lililopasuka, kwato za ng'ombe zimezunguka pale tunaposomea namba. Hatua chache juu yake pampu ya dizeli inanguruma, na kijana mwenye nayo akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee, mimi navuta kidogo tu."

Ruaha Mkuu ulikaushwa na hao wa kidogo tu. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, kiangazi kikikolea, hukatika ndani ya Hifadhi ya Ruaha kwa sababu maji yameishia kwenye mashamba ya mpunga huko juu, Usangu.

Sasa kibali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inasema maji yote ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Anayechota kwa ndoo au dumu kwa matumizi ya nyumbani haombi kibali; tafadhali tusizushiane. Anayeweka pampu, mfereji au bwawa anaomba kwenye ofisi ya bonde husika. Anajaza fomu, analipa ada ya maombi, anataja chanzo, kiasi cha maji na matumizi. Wataalamu hukagua eneo, na walio chini ya mto hupewa nafasi ya kupinga. Kibali kikitoka, kiasi kilichoandikwa ndicho hicho hicho. Ukitaka kuongeza, unaomba upya. Ada ya matumizi hulipwa kila mwaka. Kurudisha majitaka mtoni kunahitaji kibali kingine, na cha kwanza hakitoshi kwa hilo hata kama mmiliki ni yule yule. Kukiuka ni kosa: kuna faini, kifungo, au vyote viwili, na kibali kinaweza kufutwa. Maelezo haya hayachukui nafasi ya sheria yenyewe.

Halafu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ukingoni, nayo haiulizi mto ni mrefu au mfupi. Msimbazi ni mto. Kizinga ni mto. Hata ukipitika kwa ndala wakati wa kiangazi, ni mto. Mama mmoja alikuja ofisini na picha ya sebule iliyojaa tope akisema maji yamemfuata nyumbani. Nilimpa pole, kisha nikamwomba anionyeshe kiwanja kwenye ramani. Akaweka kidole katikati ya mkondo.

Maofisa wakipita mtaani kwako na utepe, wanaanzia kupima kwenye ukingo wa mto, si kwenye ukuta wa nyumba.