Mfumo Endeshi Umezeeka, Kazi Bado Ipo: Jinsi ya Kutunza Programu Zake

Swali tunaloletewa mara kwa mara kwenye kitengo chetu cha TEHAMA ni hili: programu imefanya kazi vizuri miaka na miaka, hakuna aliyeigusa, na leo imegoma. Imeharibikaje? Anayeuliza huwa ameshaambiwa na mafundi wawili watatu kwamba dawa ni kutupa kila kitu na kununua kipya. Pengine hana uwezo huo. Pengine mtambo unaoongozwa na kompyuta hiyo, uwe wa maabara au wa kiwandani, bado ni mzima kabisa na hauelewani na mfumo wowote wa kisasa. Makala haya yameandikwa kwa ajili yake.

Programu haikuharibika. Ukililinganisha faili lake na nakala ya siku liliposakinishwa, utakuta ni lilelile, baiti kwa baiti. Kilichobadilika ni vitu inavyovitegemea: saa, prosesa, diski, seva ya upande wa pili, vyeti vya usalama. Kazi ya kuitunza basi ni kujua inategemea nini, kisha kuhakikisha kila inapokitafuta kitu hicho inakikuta. Na katika hivyo vyote kimoja hupotea mapema kuliko vingine, tena kimyakimya: uwezo wa kuijenga upya programu kutoka kwenye msimbo chanzo wake, yaani maandishi aliyoyaandika mtengenezaji wake. Hicho ndicho kiini cha makala haya, na nitakirudia.

Mfano wangu mkubwa ni OS/2, mfumo endeshi, yaani programu mama inayoziendesha nyingine zote kwenye kompyuta. Mfumo huu ulitoka Desemba 1987, ukiwa kazi ya pamoja ya IBM na Microsoft, kabla Microsoft haijaamua kuelekeza nguvu zake zote kwenye Windows. Toleo la 2.0 la mwaka 1992 liliingia kwenye biti 32, na Warp 4 ikafuata 1996. Mabenki yaliuamini kwenye mashine za kutolea fedha, na treni za chini ya ardhi za New York ziliutumia katika mfumo wa kadi za nauli. IBM ilifunga huduma zake tarehe 31 Desemba 2006. Hata hivyo mfumo haukufa. Kampuni ya Serenity Systems ilikuwa imeshaanza kuuza eComStation, toleo lililojengwa juu ya OS/2, tangu 2001. Na mwaka 2017 Arca Noae ikatoa ArcaOS 5.0, kisha 2023 ikatoa 5.1, inayoweza kuwaka kwenye kompyuta za sasa zinazotumia UEFI, njia ya kisasa ya kuwashia kompyuta. IBM haijawahi kuuachia hadharani msimbo chanzo wa kiini (sehemu ya ndani kabisa) cha OS/2, kwa hiyo kazi kubwa ya wanaouendeleza imekuwa kuandika draiva (programu za kuendeshea vifaa) na maktaba (vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi) mpya kuzunguka kiini ambacho hawawezi kukifungua na kukiandika upya wanavyotaka. Nawastahi sana watu wanaofanya kazi ya namna hiyo.

Sasa tuangalie hitilafu moja kwa karibu, kwa sababu inaeleza mengi. Programu nyingi za ofisi na za mitambo ziliandikwa kwa Turbo Pascal, chombo cha kuandikia programu, na zilikimbia kwenye DOS, mfumo endeshi wa zamani, na pia ndani ya OS/2, ambayo inajua kuendesha programu za DOS. Kompyuta zilipofikia kasi ya takriban megahezi 200, programu hizo zikaanza kuanguka papo hapo zinapofunguliwa, zikiandika kwenye skrini «Runtime error 200», yaani mgawanyo kwa sifuri. Lakini hakuna mahali zilipogawanya kwa sifuri. Maktaba ya skrini ya Turbo Pascal toleo la 7, kila inapoanza, hupima kasi ya mashine: inahesabu kitanzi kitupu kimezunguka mara ngapi ndani ya mdundo mmoja wa saa, ambao ni takriban milisekunde 55, kisha inagawanya hesabu hiyo kwa 55 ili ijue mizunguko ya milisekunde moja. Jibu lilitengewa biti 16, na namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 65,535. Prosesa ya kasi ikazungusha kitanzi mara nyingi kupita kiasi, jibu likakosa pa kukaa, na prosesa ikapiga kengele ileile inayopigwa mtu anapogawanya kwa sifuri. Programu haikuwa imebadilishwa hata herufi moja. Ilichokosa ni kompyuta iliyo polepole.

Aliyekuwa na msimbo chanzo na kompaila yake (programu inayougeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) aliirekebisha maktaba, akaijenga upya programu, akaendelea na kazi. Asiyekuwa navyo ilimbidi atafute kiraka cha baiti chache cha kubandika kwenye faili lenyewe. Kwa hitilafu hii alikuwa na bahati, kwa kuwa iliwapata watu wengi na viraka vikaenea. Kwa programu iliyoandikwa kwa ajili ya ofisi moja tu, hakuna mtu duniani atakayemwandalia kiraka.

Kwa hiyo, ukiwa na programu ya aina hii na mwandishi wake bado yuko hai na anapatikana, mtafute wiki hii. Muombe msimbo chanzo. Muombe pia kompaila aliyotumia, kwa namba ya toleo ileile, pamoja na maktaba zote alizounganisha, faili za kujengea na maelezo ya mipangilio. Msimbo chanzo peke yake hautoshi. Msimbo ulioandikwa kwa kompaila ya 1994 mara nyingi haukubaliki na kompaila ya leo bila marekebisho mengi, na kila rekebisho ni nafasi ya kuingiza kosa jipya. Watengenezaji wa Haiku, mfumo huria uliozaliwa 2001 ili kuendeleza BeOS, mfumo mwingine wa zamani, wanalifahamu hili vizuri: mpaka leo toleo lao la biti 32 linabeba kompaila ya GCC 2.95, ya mwaka 1999, ili programu za BeOS za enzi hizo ziendelee kufunguka. Huo ni mzigo kwao, na nadhani walifanya uamuzi sahihi.

Kisha jaribu kuijenga programu hiyo ukiwa huna shida yoyote. Hapa watu wengi hukwepa. Msimbo uliohifadhiwa bila kujengwa ni tumaini tu. Siku utakapoujaribu ndipo utakapogundua kwamba faili moja halipo, au kwamba kompaila inadai leseni iliyofungwa kwenye mashine iliyokwishatupwa. Gundua hayo mapema, mtu wa kuuliza angali yupo.

Upande wa mtandao una ugumu wake, kwa sababu huko mabadiliko hayakusubiri. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi, yaani cheti cha juu ambacho vyeti vingine huaminiwa kupitia kwake, kiitwacho DST Root CA X3 kiliisha muda wake. Tovuti nyingi mno zilikuwa zikitegemea vyeti vya Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya usalama, na vifaa vya zamani viliviamini vyeti hivyo kupitia mzizi huo. Siku hiyo vifaa ambavyo havikuwa na mzizi mpya vilikataa kuunganika. Hata baadhi ya vifaa vilivyokuwa nao vilikwama, kwa kuwa matoleo ya zamani ya maktaba ya OpenSSL yalishindwa kuiacha njia iliyokufa na kufuata nyingine iliyokuwa hai. Kabla ya hapo, mwaka 2020, vivinjari vikubwa vilikuwa vimeanza kuyakataa matoleo ya 1.0 na 1.1 ya TLS, kanuni za kusimba mawasiliano ya mtandao, na Machi 2021 matoleo hayo yakatangazwa rasmi kuwa yamepitwa. Programu inayojua TLS 1.0 pekee haiwezi tena kuzungumza na seva nyingi za leo.

Kuhamishia kivinjari kipya kwenye mfumo wa zamani ni kazi ya timu nzima. Tangu 2017 Firefox haijengeki bila kompaila ya lugha ya Rust, na Rust haikuwahi kuwa na toleo rasmi la OS/2. Wahamishaji wa OS/2 wakageukia vivinjari vilivyojengwa juu ya maktaba za Qt, kama Dooble. Huko nako wanakabiliana na ukuta mwingine. OS/2 ya biti 32 ilipangwa iweze kubeba programu za biti 16, zinazoona kumbukumbu katika vipande vya kilobaiti 64, na jedwali la vipande hivyo lina nafasi 8,192. Zidisha, utapata megabaiti 512. Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi ya anwani ya kila programu, yaani kumbukumbu yote ambayo ingeweza kuifikia. Viini vya baadaye vilipanua eneo la juu, lakini si kila maktaba inakubali kupakiwa huko, na kivinjari cha leo hujaza megabaiti 512 bila shida yoyote.

Ushauri wangu hapa ni wa moja kwa moja: usijaribu kuufanya mfumo wa zamani uwe salama kwenye intaneti ya wazi. Hautakuwa. Utenge kwenye mtandao wa ndani usio na njia ya kutoka nje, na kama lazima utume au upokee taarifa, weka katikati kompyuta ndogo yenye Linux inayopata masasisho. Hiyo ndiyo iongee TLS ya kisasa na dunia ya nje, kisha upande wa ndani iongee na mashine yako kwa lugha inayoielewa. Sheria za kizuizi cha mtandao (firewall) ziruhusu anwani na mlango (port) unaohitajika tu.

Kuhusu vifaa, diski huwa ya kwanza kuondoka. Toa nakala kamili ya diski nzima, sekta kwa sekta, ingali inasomeka. Nakala ya mafaili pekee haitakurudishia sehemu ya kuwashia mfumo. Diski ya IDE, yaani yenye kiunganishi cha zamani, inaweza kubadilishwa kwa kadi ya CompactFlash yenye adapta rahisi, kwa kuwa kadi hizo zina hali ya kufanya kazi kama diski ya IDE. Na mfumo ukikataa kuwaka kabisa, data bado inaweza kuokolewa: Linux inasoma HPFS, mfumo wa mafaili wa OS/2, na inasoma pia JFS, mfumo mwingine wa mafaili, ambao ulifika Linux kutokana na msimbo wa OS/2 ulioachiwa na IBM. Chomeka diski, ifungue kwa kusoma tu, nakili.

Mashine pepe, yaani kompyuta inayoigwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, ni suluhisho zuri, na kwa programu nyingi zisizogusa mtambo wa nje ndilo la kwanza ninalopendekeza. Ila zijaribu kwanza. OS/2 hutumia ngazi ya pili ya ulinzi ya prosesa kwa baadhi ya programu zinazozungumza na vifaa, wakati mifumo mingi mingine hutumia ngazi ya sifuri na ya tatu tu, kwa hiyo programu nyingi za kuiga kompyuta ziliujengea mfumo huu mazingira yasiyokamilika. VirtualBox, programu mojawapo ya mashine pepe, inaiendesha mradi prosesa iwe na msaada wa ndani wa mashine pepe na msaada huo uwe umewashwa. Mtambo ukiwa umeunganishwa kwa kadi maalumu ndani ya kompyuta, mashine pepe kwa kawaida haitaiona kadi hiyo; hapo hakuna ujanja zaidi ya kutafuta bodi za akiba za aina ileile zingali zinapatikana.

Mifumo mingine inabanwa na prosesa yenyewe. RISC OS, iliyoanzia kampuni ya Acorn mwaka 1987 na ikawa huria 2018, imeandikwa kwa ajili ya prosesa za ARM za biti 32. Prosesa ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 5 inakubali biti 32 kwa programu za kawaida tu. Kiini cha mfumo lazima kiwe cha biti 64. Kwa hiyo RISC OS haiwezi kukimbia humo moja kwa moja kama ilivyokimbia kwenye matoleo yaliyotangulia. Anayeutegemea mfumo huu aweke akiba ya vifaa vya toleo la nyuma.

Hata mfumo ukitunzwa vipi, data yake iandaliwe njia ya kutoka. Toa kila mara nakala ya data katika umbo la maandishi tupu, na uangalie usimbaji wa herufi, yaani namba gani inasimama kwa herufi gani. OS/2 na DOS nyingi ziliandika kwa kurasa za herufi 437 au 850, ambamo é ni baiti moja yenye thamani 130. Katika UTF-8, usimbaji wa kisasa, herufi hiyohiyo ni baiti mbili. Ukihamisha bila kubadilisha, majina ya watu yataharibika, na hakuna atakayegundua mpaka mwenye jina aje kulalamika. Angalia pia tarehe zilizoandikwa kwa tarakimu mbili za mwaka.

Jambo la mwisho lina tarehe inayojulikana. Programu nyingi za biti 32 zilizoandikwa kwa lugha ya C huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970, ndani ya namba ya biti 32 yenye ishara, yaani inayoweza kuwa chanya au hasi. Nafasi hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 9 na dakika 14 usiku kwa saa za kimataifa, na sekunde inayofuata programu itadhani iko Desemba 1901. Huhitaji kusubiri ili ujue yako itafanya nini. Chukua nakala ya mashine pepe, ikate mtandao, izuie isichukue saa ya kompyuta inayoibeba, weka saa yake dakika chache kabla ya wakati huo, kisha endesha kazi za kila siku: fungua rekodi, panga kwa tarehe, chapisha ripoti, hifadhi. Andika kila kinachovunjika. Mikataba na leseni zinazoisha baada ya 2038 zinaweza kuwa zimeshaanza kukokotolewa vibaya leo, kwa hiyo jaribu pia kuingiza rekodi yenye tarehe ya 2040 huku saa ikiwa ya sasa.