Kwa Nini Meli Moja ya Vita Ilizama kwa Sababu Mbili?

Mkulima wa mahindi wa Uyole yuko mbali sana na Bahari Nyeusi, lakini vita vya Urusi na Ukraine vilimfuata hadi duka la pembejeo, bei ya mbolea ilipopanda na Serikali ikazindua mpango wa ruzuku hapa Mbeya siku ya Nanenane, tarehe 8 Agosti 2022. Kwa hiyo anayefuatilia vita hivyo kwa simu pale Mwanjelwa ana haki ya kuuliza inakuwaje pande mbili zisimulie tukio moja kwa namna zinazopingana.

Chukua meli ya Moskva, iliyoongoza kikosi cha majini cha Urusi katika Bahari Nyeusi. Usiku wa tarehe 13 Aprili 2022 Ukraine ilitangaza kwamba imeipiga kwa makombora ya Neptune. Urusi ilisema moto ulizuka melini na kulipua silaha zilizokuwamo, kisha tarehe 14 meli ikazama ilipokuwa ikivutwa katika bahari iliyochafuka. Mwanzoni Urusi ilieleza kwamba mabaharia wameondolewa salama. Tarehe 22 ikataja mmoja aliyefariki na 27 wasiojulikana walipo.

Msemaji wa jeshi hasemi na sisi. Anasema na askari wake, na wazazi wao, na adui anayesikiliza, na mataifa yanayotoa silaha. Na kwa Urusi, kukiri kwamba kombora lililotengenezwa Ukraine lilipenya ulinzi wa meli hiyo kungekuwa pigo la pili. Hivyo mimi huanzia pale mahasimu wanapokubaliana, yaani kwamba meli ilizama, kisha hupima kila dai kwa hasara linayomletea anayelitoa: Urusi kutaja wafu wake kuna uzito kuliko kukanusha kwake. Baadaye zilisambaa picha za meli hiyo ikiwa imeinama, ikifuka moshi, juu ya maji yaliyotulia, jambo lisilopatana na habari ya dhoruba.

Ukraine nayo ilikosea. Februari 2022 Rais Volodymyr Zelensky alitangaza kwamba walinzi wa Kisiwa cha Nyoka, kisiwa kidogo cha Ukraine katika Bahari Nyeusi, wameuawa wote. Siku chache baadaye jeshi lake la majini likasema wako hai, wametekwa. Mawasiliano nao yalikuwa yamekatika, na aliyesubiri siku hizo chache kabla ya kusambaza habari hiyo hakulazimika kuifuta.

Idadi ya waliokufa ndiyo ngumu kuliko yote, na hapo ninawaheshimu wanahabari wa Mediazona, chombo huru cha habari cha Urusi, na wa BBC, ambao huhesabu askari wa Urusi waliouawa jina kwa jina, kutoka matangazo ya misiba na makaburi, na hueleza wazi kwamba hesabu yao ni ndogo kuliko idadi halisi.