Sanaa na muziki kama tiba Japani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ikitajwa tiba ya sanaa ya Kijapani, wengi huwaza mtawa wa Zen, madhehebu ya Kibuddha, bustani ya mawe na ukimya wa karne nyingi. Lakini tiba mojawapo iliyoshika mizizi sana huko, ile ya sanduku la mchanga, ilitoka Ulaya. Dora Kalff ndiye aliyeikuza Uswisi, na mwanasaikolojia Hayao Kawai, aliyesomea Zurich, akarudi nayo Japani mwaka 1965. Aliipa jina la hakoniwa, zile bustani ndogo za sandukuni ambazo watu wake walikuwa wakizijua tangu zamani.

Sanduku lenyewe lina kina kifupi, upana na urefu wake kama sentimita 57 kwa 72, na ndani limepakwa buluu ili mchanga ukisogezwa paonekane kama maji. Kando yake kuna rafu ya midoli: watu, wanyama, nyumba, miti, madaraja. Mgonjwa huchagua, hupanga, hubomoa, hupanga tena.

Hapo huzuka dhana ninayoiona ina madhara kuliko zote: kwamba mtaalamu anakaa pale kufumbua fumbo, nyoka ni hasira, nyumba ni mama. Kawai alifundisha kutokimbilia kufasiri. Kazi kubwa ya mtaalamu ni kuwepo, kutazama kwa makini na kumwachia mtu nafasi.

Daktari wa magonjwa ya akili Hisao Nakai aliusogeza uangalifu huo mbele zaidi. Alitaka kujua ni mgonjwa yupi wa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, anayeweza kupewa sanduku la mchanga bila kudhurika, na mwaka 1969 akaja na njia ya kuchora mandhari. Daktari huchukua karatasi, huchora fremu pembeni mwake mgonjwa akiona, kisha humpa kalamu. Hutaja kitu kimoja kimoja: mto, mlima, shamba la mpunga, njia, nyumba, mti, mtu, ua la mmea, mnyama, jiwe. Mwishoni mgonjwa huongeza apendacho na kupaka rangi. Mimi hunigusa ile fremu. Mtu ambaye mawazo yake yametawanyika huwekewa mpaka wa kumkinga kabla hajaombwa chochote.

Wengine hudhani sanaa humponya msanii, ugonjwa ukaisha. Mchoraji Yayoi Kusama, aliyezaliwa Matsumoto mwaka 1929, alianza kuona maono tangu utotoni, na nukta zake zinazojulikana dunia nzima zimetoka huko. Mwaka 1977 aliingia hospitali ya akili Tokyo kwa hiari yake, akaifanya makazi, huku akienda kuchora katika studio ya jirani. Kuchora hakukumwondolea ugonjwa. Kulimwezesha kuishi nao, na hilo si jambo dogo hata kidogo.

Na kintsugi, inayouzwa sasa kama dawa ya moyo uliovunjika? Ni ufundi wa kuunga vyombo vilivyovunjika kwa utomvu wa mti wa urushi, unga wa dhahabu ukinyunyizwa mwishoni. Huchukua wiki hata miezi, na utomvu mbichi huwasha ngozi vibaya.

Kuhusu muziki, husemwa kwamba ni wa kuburudisha tu, asiyeweza kuongea hautamfikisha mbali. Hikari Oe, mtoto wa mwandishi Kenzaburo Oe, alizaliwa mwaka 1963 na kasoro kubwa ya ubongo. Alivutwa na kanda za sauti za ndege. Akiwa na miaka sita, familia ikiwa mashambani, ndege walilia kutoka ziwani, naye akataja jina lao kwa sauti ya mtangazaji wa ile kanda. Baba yake alieleza kuwa hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Alikua akawa mtunzi, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1992.

Watoa tiba ya muziki Japani hufanya kazi sana na wazee, wakiimba nao nyimbo walizojifunza shuleni. Chama chao cha kitaifa, kilichoundwa mwaka 2001, hutoa cheti chake chenyewe, kwani si taaluma yenye leseni ya serikali. Nazo zile rekodi za filimbi na maji yanayotiririka zinazoitwa tiba ya Kijapani intanetini ni muziki wa kustarehe. Zisikilize kwa raha zako, lakini usimpe mgonjwa badala ya mtu aliyesomea kukaa naye.